Ukuta Hurudisha, Mikoko Humeza: Nyaya za Nano na Mawimbi ya Sumakuumeme

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa fizikia na uhandisi, na nyinyi mafundi simu mliofunga vibanda asubuhi hii ili mje hapa: shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo.

Nitaanza na sauti, maneno yatafuata. Hapa mezani ipo redio ya betri, na pembeni yake simu ya kitochi. Mmoja wenu aipigie namba iliyo ubaoni. Sikilizeni redio, msiitazame simu. Ti-ti-ti, ti-ti-ti, zzzzz. Haya, ndiyo hiyo simu inaita sasa. Kila aliyekulia kwenye nyumba yenye redio anaufahamu mlio huu, bibi yangu alikuwa akiusikia anasema, "Haya, itazameni simu yenu."

Simu ya 2G hairushi mawimbi mfululizo. Huyarusha kwa vipande, mara 217 kila sekunde. Waya ulio ndani ya redio unageuka antena bila mtu kuuomba, sakiti ya sauti inavipokea vile vipande, na spika inatuletea ule mngurumo. Redio ni nzima, simu ni nzima. Kila moja inafanya kazi yake sawasawa, ila hakuna kitu kati yao.

Kwenye redio hilo ni usumbufu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ililazimika kuchunguza taarifa za viti vya magurudumu vya umeme vilivyojiendesha vyenyewe vilipokuwa karibu na redio za mawasiliano. Fikirini mtu asiyeweza kutembea, kiti kinaanza kwenda hakijaamriwa. Mwaka 1994 watengenezaji walitakiwa kuviwekea kinga. Ndiyo maana kazi hii ya kuzuia mawimbi kwa nyaya za nano, yaani nyaya za metali nyembamba kuliko unywele kiasi cha mara elfu, mimi siichukulii kama ya anasa.

Sasa simu hii naitia kwenye sufuria ya alumini, nafunika na mfuniko wake. Ipigie tena. Inaita! Naona mnatazamana, kwa kuwa mmefundishwa kwamba metali huzuia mawimbi, na mmefundishwa kweli. Michael Faraday alijenga kizimba chake London mwaka 1836, akaingia ndani na vipimo vyake huku nje cheche zinaruka, na ndani asipate dalili yoyote ya umeme. Basi sufuria ina nini? Naitoa simu, naizungushia foili ya jikoni mara mbili, nabana kingo zote kwa vidole. Piga. Haipatikani.

Foili ni nyembamba kuliko sufuria mara nyingi sana, na imeishinda. Kasoro ya sufuria ni ule mwanya unaozunguka mfuniko. Mwanya, hata ukiwa mwembamba kiasi cha kutopitisha ukucha, hupitisha mawimbi bila shida urefu wake ukikaribia nusu ya urefu wa wimbi. Kwa simu ya megahezi 900 nusu hiyo ni kama sentimita 17, na mzunguko wa mfuniko huu unazidi hapo. Mafundi, hapa nasema nanyi. Vile vifuniko vidogo vya bati mnavyovitoa kwenye bodi ya simu kwa hewa ya moto ili mfike kwenye chipu, nawaomba mvirudishe, na mvishike kwa risasi pande zote. Simu iliyorudishwa kwa mteja bila kifuniko inaweza kuwaka na kupiga vizuri, kisha ikawa inapoteza mtandao au ina kelele, na mteja anarudi kwako wiki ya pili hajui aseme nini.

Mtu atauliza: ikiwa foili imetosha, nyaya za nano ni za nini? Swali zuri. Foili hupasuka ukiikunja mara nyingi. Sanduku la metali ni zito, na metali haimiminwi kwenye kalibu ya plastiki ikatoka na kila pembe unayoitaka. Tazameni ndege ya Boeing 787, ambayo Air Tanzania na Kenya Airways wanairusha. Karibu nusu ya uzito wake ni kompoziti, hasa nyuzi za kaboni zilizozamishwa kwenye gundi ngumu. Ndege za zamani za alumini zilikuwa na kinga ya bure, kwa kuwa mwili wenyewe ni kizimba cha Faraday. Ya kompoziti lazima iwekewe wavu wa metali ndani ya ngozi yake, kwanza kwa ajili ya radi. Kila kilo ya metali unayoirudisha ni kilo uliyohangaika kuikwepa. Magari ya umeme yana shida hiyo hiyo, na simu pia, na vifaa vinavyovaliwa mwilini. Watu wanataka plastiki iliyo nyepesi, inayokunjika, na inayozuia mawimbi kama metali.

Njia ya kwanza inayomjia kila mtu ni kuchanganya plastiki na unga wa metali. Hapo nawapeleka jikoni. Chembe za mviringo ndani ya plastiki hukaa kama punje za pilau iliyoiva vizuri, kila moja peke yake. Umeme hauruki kutoka punje hii kwenda ile. Unaongeza unga, unaongeza tena, mpaka kiasi cha moja ya sita ya ujazo wote iwe metali, na mara nyingi zaidi ya hapo, ndipo punje zinaanza kugusana njia nzima kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kufikia hapo plastiki yako imekuwa nzito na inameguka kama biskuti.

Sasa mwaga pilau, tia tambi. Konzi moja tu ya tambi ndefu kwenye sufuria kubwa, na tayari kila tambi imeegemea nyingine tano, na zile zimeegemea nyingine. Ukishika tambi ya ukingoni ukaivuta, ya upande wa pili inatikisika. Huo ndio mtandao, na umeupata kwa kitu kidogo sana. Waya ambao urefu wake ni mara 500 ya kipenyo chake huanza kuunganika ukiwa sehemu moja au mbili tu kati ya elfu ya ujazo wote. Na mabadiliko hayaji polepole. Chini kidogo ya kiwango hicho, ambacho sisi tunakiita kizingiti, una plastiki isiyopitisha kitu. Ongeza chembe kidogo, na upitishaji unaruka mara maelfu, mara mamilioni. Nimeliona hilo kwenye mita kwa macho yangu mara nyingi, na mpaka leo bado napenda kuliona.

Kuna jambo la pili ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka. Mkondo wa masafa ya juu, yaani unaogeuka mara nyingi mno kila sekunde, hauingii ndani ya metali. Hutembea kwenye ngozi tu. Katika shaba, kwa gigahezi 10, ngozi hiyo ni karibu mikromita 0.66, na mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukitumia waya mnene, metali yote iliyo katikati ni mzigo unaobebwa bure. Waya wa nano wenye kipenyo cha nanomita 70, nanomita ikiwa sehemu moja ya elfu ya mikromita, ni mwembamba kuliko ngozi yenyewe mara tisa hivi. Hakuna gramu iliyolala.

Niwaambie unavyotengenezwa, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mwaka 2002, Seattle, Yugang Sun na Younan Xia walieleza njia ambayo hadi leo maabara nyingi huifuata kwa nyaya za fedha, namaanisha fedha ile ya pete na bangili. Unachukua ethilini glaikoli, kimiminika kilekile kilichomo kwenye maji ya rejeta ya gari. Unakipasha moto hadi kama nyuzi 160. Unatia chumvi ya fedha, yaani naitreti yake, na polima, kitu cha jamii ya plastiki, inayoitwa polivinili pirolidoni, kwa jina fupi PVP. Glaikoli yenyewe ndiyo inayoigeuza chumvi kuwa metali. Mbegu zinazozaliwa zina pande tano, na ile polima hung'ang'ania ubavuni kuliko nchani. Ubavu ukizibwa, atomi mpya za fedha zinabaki na mahali pamoja pa kukaa, nchani, na mbegu inarefuka, inarefuka, mpaka inakuwa waya. Umeona ujanja huo? Hakuna mtu aliyeuvuta waya wala kuukata. Umekua kama chipukizi.

Kwa macho, unaona chupa nyeupe kama maji ikigeuka njano, kisha ikichafuka kuwa kijivu. Ukiitikisa, ndani yake panapita mawingu yanayong'aa kama kitambaa cha hariri kikikunjwa. Mng'aro ule ni nyaya zikijipanga pamoja na mtiririko. Kila moja ni nyembamba kuliko unywele kiasi cha mara elfu, na urefu wake wote ungelala ndani ya unene wa unywele huohuo.

Mara yangu ya kwanza kuzichanganya na plastiki nilizikoroga kwa mashine, kwa nguvu, nikitaka zisambae vizuri. Kipande kilitoka kizuri, rangi moja, laini. Nikakipima: hakipitishi kitu. Nilirudia wiki mbili, nikiongeza fedha kila mara, na fedha ina bei. Mwalimu wangu akaniambia niweke tone chini ya hadubini ya elektroni. Nyaya zote zilikuwa zimekatikakatika. Nilikuwa nimezirudisha kuwa punje, tambi zangu nimezifanya pilau kwa mikono yangu. Tangu siku hiyo nakoroga taratibu, kwenye kimiminika chepesi kwanza, na nawasihi nyinyi mnaoanza mfanye hivyo.

Kipande kikishakuwa tayari tunakipima ndani ya bomba la metali la mstatili ambalo uwazi wake ni milimita 22.86 kwa 10.16. Ni ukubwa wa stempu ndogo. Unakata kipande kikae humo barabara, unarusha wimbi upande mmoja, unapima lililopita na lililorudi. Ukiacha mwanya wa unene wa karatasi pembeni, wimbi linapita hapo na kipimo chako ni uongo. Sufuria ileile! Matokeo tunayaandika kwa desibeli: 20 maana yake imepita asilimia 1 tu ya nguvu, 30 ni sehemu moja ya elfu, na hiyo 30 inatosha kazi nyingi za kawaida.

Nyaya hizi zina uzuri mwingine ambao nitaugusa tu. Zikitandazwa juu ya kioo au plastiki angavu, zinafanya kama chandarua: hewa inapita, mbu anabaki nje. Mwanga una wimbi fupi mno, unapenya kwenye matundu. Wimbi la simu lina sentimita kadhaa, linakuta ukuta. Mlango wa maikrowevu unafanya hivyo hivyo kwa tundu za milimita moja au mbili dhidi ya wimbi la sentimita 12.

Sasa nije kwenye lililonileta. Mimi nimezaliwa Tanga, na mjomba wangu alikuwa mvuvi. Alinikataza kufunga ngalawa karibu na ukuta wa gati. Wimbi linalofika ukutani halifi. Linarudi, linakutana na linalokuja, na hapo katikati chombo hurushwa juu na kupigizwa. Lakini ukisogea mpaka kwenye mikoko, maji ni kimya. Hakuna ukuta pale. Wimbi linaingia kati ya mizizi, linapita hapa, linapinda pale, kila mzizi unalipunguzia kidogo, na likifika nchi kavu limebaki unyevu.

Foili na bati ni ukuta. Karibu kinga zote tunazotumia ni ukuta. Zinarudisha wimbi, na wimbi lililorudishwa linakwenda kwa jirani. Ndani ya sanduku la metali lenye chipu kumi, kelele ya chipu moja inagonga kifuniko na kuwarudia wenzake, na kwa masafa fulani sanduku zima linavuma kama ngoma. Magari mapya yana rada za gigahezi 76 hadi 81, nyingi kwenye barabara moja, na kila bati linaloakisi linaongeza vivuli vya uongo. Kwa hiyo msomapo taarifa kwamba nyenzo fulani imefikisha desibeli 60 au 90, ulizeni swali moja kabla ya kupiga makofi: imeyameza au imeyarudisha? Mwaka 2016 ilitangazwa ile tando ya kabidi ya titani, ya jamii ya maksini, yaani nyenzo za tabaka nyembamba mno, ambayo kwa mikromita 45 tu ilifikisha desibeli 92. Ni kazi kubwa, naiheshimu. Lakini swali langu linabaki palepale.

Ili wimbi limezwe, lazima kwanza likubali kuingia. Anga yenyewe ina ukinzani wake kwa wimbi, ohimu 377. Wimbi likikutana na kitu chenye ukinzani tofauti sana na huo, hurudi. Shaba iko karibu na sifuri, ndiyo maana hurudisha karibu kila kitu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Mmarekani Winfield Salisbury alibuni shuka yenye ohimu 377 kamili, ikatandazwa mbele ya metali kwa umbali wa robo ya wimbi. Kwa gigahezi 10 hiyo ni milimita 7.5. Inameza vizuri sana, ila masafa mamoja tu. Ukisogea kando, imeshindwa.

Nyaya za nano zinatupa mikoko. Tengeneza sponji ya polima yenye nyaya chache sana mbele, karibu hewa tupu, wimbi liingie bila kushtuka. Ongeza nyaya kadiri unavyokwenda nyuma. Ndani humo wimbi linasukuma mkondo kwenye maelfu ya nyaya, na kila mkondo unakutana na ukinzani na kuwa joto, joto dogo usilolihisi kwa mkono. Linarundika chaji pale metali inapogusana na plastiki, na chaji hizo zinachelewa kugeuka wimbi linapogeuka, na kuchelewa huko nako ni nguvu inayopotea. Likigonga waya, linatupwa kwenye waya mwingine, sio nje. Kwa masikio ya mhandisi: kinga ileile ya desibeli 30, lakini jirani hasumbuliwi.

Tena tunaweza kumeza upande wa sumaku, sio wa umeme peke yake. Lile tezi jeusi kwenye waya wa kompyuta yako ni feriti, yaani kauri ya sumaku, linafanya kazi hiyo kwa masafa ya chini. Kwa masafa ya juu feriti huchoka. Mholanzi Snoek alionyesha sababu yake katika miaka ya 1940. Lakini chukua chuma, nikeli au kobalti ukaifanya waya mwembamba mrefu: umbo lenyewe linaifunga sumaku ielekee urefu wa waya, na kikomo cha masafa kinasogea juu. Umbo, ndugu zangu, bila kubadili madini.

Na madini hayo yako wapi? Kobalti nyingi ya dunia inatoka Kongo, Kolwezi na kandokando yake, kwa watu wanaosema Kiswahili kama sisi. Shaba nayo inachimbwa hukohuko. Nikeli ipo Kabanga, wilayani Ngara. Grafiti, mama wa kinga za kaboni, iko Mahenge. Yanaondoka kwa tani, na wanasayansi wa huko yanakokwenda wanatumia gramu. Inaniuma, na naisema hivyo hivyo, kwa sababu hatua ya kwanza ya kazi hii haihitaji kiwanda.

Mwaka 1995 Wajapani Masuda na Fukuda walionyesha jinsi ya kupata alumini yenye vinyweleo vilivyopangika kama sega la nyuki. Unatumbukiza bamba la alumini safi kwenye asidi ya okzaliki iliyopozwa, unaiunganisha na volti 40 za mkondo mnyoofu, unasubiri. Vinyweleo vinachimbika vyenyewe, umbali wa kama nanomita 100 kati ya kimoja na kingine. Kisha unavijaza nikeli au shaba kwa njia ileile wanayotumia mafundi wa kupaka nikeli vyuma, unayeyusha alumini kwa kemikali, na nyaya zinabaki mkononi mwako. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walitengeneza nyaya za shaba kwenye kalibu za namna hii na kuzichanganya na plastiki ya polistirini. Bamba, asidi, barafu, chanzo cha umeme. Msisubiri hadubini ya mabilioni ndipo muanze. Anzeni, na sampuli zipelekeni kwenye hadubini ilipo.

Sitawaficha ugumu. Shaba nyembamba hivi inashika kutu haraka, ndani ya siku ikiachwa wazi. Fedha inasawijika, na ikifika mtoni inadhuru viumbe vidogo vya majini. Ile polima iliyosaidia waya kukua inabaki kama ganda na kuzuia nyaya zisigusane vizuri, kwa hiyo lazima ioshwe au nyaya ziunganishwe kwa joto. Na mapafu. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh walionyesha kwamba neli ndefu za nano za kaboni ziliwadhuru panya kwa namna inayofanana na asbesto, na mwaka 2014 aina moja ya neli hizo iliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Kitu chembamba, kirefu, kigumu, kinachoelea hewani: mkiwa nacho kikavu, fanyeni kazi chini ya bomba la kunyonya hewa, na barakoa ya kweli, sio kitambaa.

Mama mmoja aliniuliza mlangoni kuhusu zile stika za kubandika nyuma ya simu, zinazouzwa eti zinazuia mionzi. Mama yangu, usinunue. Ingezuia kweli, simu ingekosa mtandao kama hii niliyoifunga foili. Ikizuia nusu, simu inaongeza nguvu ili isikike mnarani. Tume ya biashara ya Marekani imeshawatahadharisha wananchi wake kwa sababu hiyohiyo.

Naipitisha chupa sasa, ianzie mstari wa mbele. Ni nyaya za fedha kwenye spiriti. Itikiseni polepole, muishike dhidi ya dirisha, mtayaona yale mawingu yakipita. Kizibo msikifungue. Ikifika nyuma, kijana wa mlangoni ataipokea aniletee, na wakati inazunguka nitajibu maswali.